Mchi Uliobaki Juu

Iko nchi inaitwa Pale. Siyo hii. Hii yetu iko hapa, kila mtu anaijua, na mambo yake yamenyooka. Ile iko pale, ndiyo maana wenyewe wakaiita hivyo. Msomaji akiona jambo la Pale limefanana na jambo analolijua, basi ni macho yake tu, anywe maji aendelee.

Kiongozi wa Pale aliitwa Mtukufu Mtangulizi, kwa kuwa alikuwa wa kwanza katika kila kitu. Wa kwanza kula, wa kwanza kucheka, wa kwanza kujua kama mvua imenyesha. Watu walikuwa wakilowa chapachapa, wamekaa barazani na nguo zao mbichi, wanasubiri redio itangaze kwamba Mtukufu ameiona mvua, ndipo wafungue miavuli.

Siku moja Mtangulizi alirudi kutoka nchi za nje, akawaita watu uwanjani, akawaambia ameigundua sababu ya Pale kubaki nyuma.

"Ndugu wananchi," alisema, "mnafanya mambo pamoja mno. Mnalima pamoja, mnazika pamoja, hata kucheka mnacheka pamoja. Sasa jambo likifanywa pamoja, mshindi nani? Hakuna. Na nchi isiyo na mshindi ina walioshindwa watupu. Kuanzia leo, popote walipo wawili, mmoja awe wa kwanza."

Watu wakapiga makofi. Kwa bahati mbaya waliyapiga pamoja, ikabidi askari wapite katikati yao kuuliza nani aliyeanza.

Ndipo ikaundwa Wizara ya Jasho. Waziri wake alikuwa bwana mmoja mnene, ofisi yake ina kiyoyozi kikali hata yeye mwenyewe alishinda na koti la sufi, na jasho aliliona kwenye picha tu. Kazi ya wizara ilikuwa kushindanisha watu. Walianza na misiba. Kombe la kwanza la kulia lilichukuliwa na mtu aliyekuwa akipita njia, na mjane wa marehemu akashika nafasi ya mwisho, akaonywa mbele ya jeneza. Timu ya taifa ya mpira nayo wachezaji wakashindanishwa wao kwa wao, ikawa hakuna ampaye mwenzake pasi. Bungeni wakashindana kukubali. Mshindi aliikubali hoja kabla haijasemwa, na mpaka leo haijasemwa.

Havijawa aliyasikia haya yote redioni huku anapepeta, akaona ni mambo ya wakubwa. Hakujua kama yatafika Kisutuni, mtaa wao, tena hadi kwenye kinu chake.

*

Havijawa alikuwa mke wa Mrisho, fundi baiskeli. Nyumba hiyo hiyo aliishi Mize, dada yake Mrisho, aliyekuwa ameachwa na mumewe akarudi kwa kaka yake na kikapu kimoja na mchi begani. Mumewe alimwachia mchi kwa sababu alidhani hauna faida. Basi mawifi hao wawili wakawa ndio watwangaji wa mtaa. Mashine ya kukoboa ilikuwepo, lakini mtu wa Kisutuni akioza binti, wali wa harusi lazima uwe wa mchele uliotwangwa kwa mkono, la sivyo wakwe husema maneno.

Walitwanga vizuri, na bado hawakufanana hata kidogo. Kwa Havijawa kazi ilikuwa kitu cha kumaliza. Akiamka aliiona imekaa mlangoni kama mgeni asiyealikwa, naye hapumui mpaka ameitimua. Mize kwake kazi ilikuwa mahali pa kukaa. Alisimama katikati akaangalia kunguru, akakumbuka kisa, akakisimulia chote pamoja na nyimbo zake.

"Wifi, jua hilo," Havijawa humwambia.

"Nimeliona. Zuri."

"Nasema linapanda."

"Liache lipande, ndiyo kazi yake. Sisi yetu si hii?"

Na akisema hivyo huuachia mchi hewani, akapiga kofi moja, akaudaka tena. Wapita njia walisimama kumtazama. Hilo ndilo lililomchoma Havijawa. Yeye ndiye anayeamka wa kwanza, yeye ndiye anayeanika, anayepepeta, anayebeba. Lakini watu wakisifu husema, "Mchele wa kina Mize huu." Hakuwahi kulisema kwa mtu. Alilimeza kila siku, nalo kila siku lilikuwa pale pale, halishuki.

Sasa kutwanga watu wawili kwenye kinu kimoja kuna adabu yake, na kila msichana wa Kisutuni hufundishwa kabla ya kupewa mchi. Mmoja akishuka, mwenzake yuko juu. Mwenzako akikosea mapigo, usimfuate na usimpige. Mchi wako ubaki juu, umsubiri amalize, maana michi ikigongana huko ndani vidole huenda. Adabu hiyo ni ya zamani sana, na Wizara ya Jasho ilikuwa haijaisikia.

*

Siku ya mashindano alikuja Bwana Kitunga, Mkaguzi Mwandamizi wa Jasho. Alikuwa na filimbi shingoni, mtu wa kumshikia mwavuli na mwingine wa kumshikia kiti, na hao wawili nao walikuwa wanashindana, kwa hiyo kiti kilikuwa kikienda mbele kuliko mwenye kukikalia.

"Akina mama," alisema alipokipata, "Taifa linataka kujua. Katika kinu hiki, wa kwanza ni nani?"

"Wa kwanza kwa lipi, baba?" Mize akauliza. "Kinu si kimoja?"

"Hilo ndilo nililokuja kulirekebisha."

Akapuliza filimbi. Wakaanza. Mtaa mzima ulikuwa umejaa uani, wengine wamekaa juu ya ukuta. Michi ikaenda juu, chini, juu, chini, na Bwana Kitunga akawa anageuza kichwa huku na huku mpaka shingo ikamuuma, asimwone wa kwanza. Mpunga ulikuwa unacheka humo ndani. Mize, kanga nyekundu kiunoni, akaachia mchi, akapiga kofi, akaudaka.

"Mize huyo," mtu mmoja akasema ukutani, na uani pakachangamka. "Mize, mtie adabu."

"Huyu wa kanga nyekundu ana kitu," Bwana Kitunga akamwambia mshika mwavuli, kwa sauti ya kusikika.

Havijawa alisikia. Lile alilokuwa akilimeza likapanda. Mchi wa Mize ulipokuwa juu, unaanza kushuka, yeye akapiga. Ilikuwa zamu ya Mize, naye alijua ni zamu ya Mize. Mize akauzuia mchi wake hewani. Havijawa akainua, akapiga tena, na tena, haraka haraka, hajaacha hata nafasi ya kupitisha ungo. Mize akabaki amesimama, mchi juu, mikono yote miwili, anasubiri. Alimtazama wifi yake bila hasira, kama mtu anavyomtazama mwenzake aliyepaliwa na maji, anasubiri apate nafuu.

Filimbi ikalia.

"Wananchi mmejionea," alisema Bwana Kitunga, akasimama juu ya kiti. "Mmoja ametwanga. Mwenzake ameinua mchi wa Taifa akausahau juu. Nimezunguka nchi hii, nimeona wavivu waliolala, nimeona wavivu waliokaa. Mvivu wa kusimama, tena mikono juu, sijapata kumwona. Kwa mamlaka niliyopewa, Mama Havijawa ni Mtwangaji Bingwa. Na huyu ni Mvivu wa Mfano."

Watu wakacheka kwanza, wakidhani ni masihara. Kisha askari wakamshika Mize mkono.

Hapo Havijawa angeweza kusema. Neno moja lilitosha, alinisubiri, na mtaa mzima ungelielewa. Mdomo wake ulifunguka. Akajifuta uso kwa ncha ya kanga, na alipomaliza kujifuta, Mize alikuwa amekwisha pandishwa kwenye gari na fundi rangi alikuwa ukutani, anauliza Havijawa linaandikwaje.

*

Mvivu wa Mfano aliwekwa kwenye kiti cha chuma karibu na soko kuu, juani, ili watoto wa shule waletwe kumtazama. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kutwanga. Aliwekewa askari wa kuhakikisha kwamba hafanyi lolote. Nzi akitua, kumfukuza ni kazi. Kujikuna ni kazi. Siku moja alimwonyesha bibi mmoja njia ya kwenda hospitali, akaandikiwa onyo.

Huko nyumbani Havijawa alitwanga peke yake. Mchi mmoja hauna wa kuujibu. Mpunga uliruka nje ya kinu, kuku wakanenepa, chenga zikawa nyingi kuliko mchele. Jina lake lilikuwa ukutani kwa rangi ya mafuta, herufi kubwa kama mbuzi, na kila akiinua kichwa analiona.

"Wali huu umevunjika," Mrisho alisema siku moja, akiuchambua kwa kidole.

"Nimetwanga peke yangu."

"Najua. Sikulaumu." Akala kidogo. "Dada yangu tangu mdogo alikuwa mtu wa kusimama simama. Nawe usijilaumu, mke wangu. Umeshinda kwa haki."

Afadhali angempiga. Havijawa alichukua sahani ya mumewe kabla hajamaliza, akaenda kuiosha, akaiosha tena.

Siku iliyofuata alipika ugali na mchicha wa nazi, akaenda sokoni. Askari alimruhusu kumlisha Mize kwa mkono, kwa sababu kubeba tonge ni kazi ila kutafuna kulikuwa kumeombewa kibali. Mize alikuwa amekauka midomo, lakini macho ni yale yale.

"Karibu wifi," alisema. "Samahani sikupokei. Serikali imenizuia."

"Unaumwa?"

"Mgongo tu. Mwonee huruma huyu askari. Mimi sifanyi kitu, na yeye ndiye anayesimamia." Akatafuna. "Jana alinisaidia kupiga miayo."

"Sikukusaidia," alisema askari, "nilipiga yangu."

Havijawa akakata tonge jingine. "Wifi. Siku ile…"

"Siku ile nilikuwa nakusubiri umalize," Mize akasema, polepole, hana kinyongo sautini. "Nikupokee. Bado sijajua kama umemaliza."

Tonge lilibaki mkononi mpaka likapoa. Askari akauliza kama linaliwa au haliliwi, maana kulishika hivyo nako ni kazi.

*

Basi Havijawa akaamua kwenda kujishtaki. Alivaa buibui lake la Idi, akaenda Wizara ya Jasho, akakuta mapokezi wanashindana kutomwona. Mwishowe alifikishwa kwa Bwana Kitunga, humo ndani baridi kama kisimani.

"Baba, nimekuja kuungama," alisema. "Sikushinda. Nilipiga kwenye zamu ya mwenzangu."

Bwana Kitunga akaweka kikombe chini. "Ulipiga kwenye zamu ya mwenzako."

"Ndiyo."

"Kwa makusudi?"

"Kwa makusudi. Nilimwonea choyo."

"Na yeye akafanya nini?"

"Akanipisha. Si mvivu yule, baba. Mkimwacha yeye mniweke mimi kwenye kile kiti, nitashukuru."

Bwana Kitunga akasimama, akazunguka meza, akamshika Havijawa mikono yote miwili, na machoni mwake mlikuwa na maji. "Mama," alisema, "tangu wizara hii iundwe tumekaa hapa, wasomi watupu, tunaitafuta siri ya maendeleo. Kumbe ilikuwa Kisutuni, kwenye kinu. Kupiga kwenye zamu ya mwenzio. Na mwenzio akupishe."

"Mimi nimekuja kuadhibiwa."

"Na unyenyekevu pia," Bwana Kitunga akamwambia karani wake. "Usisahau kuutaja unyenyekevu."

Ndivyo ilivyozaliwa Mbinu ya Havijawa. Ilifundishwa shuleni, kambini, na kwenye semina za makatibu wakuu. Ilipendwa, maana ilikuwa rahisi kuliko kazi. Foleni za maji zilikwisha, kila mtu akawa mbele. Wagonjwa walikunywa dawa za wenzao. Msikitini bwana harusi mmoja alikuwa bado anakohoa kusafisha koo, rafiki yake akasema nimekubali, na kadhi akawa hana la kufanya. Jina likawa neno la kusema kila mahali. Havijawa akipita karibu na shule alisikia mtoto analia, "Mwalimu, huyu kanihavijawa," na mwalimu anajibu, "Nawe mhavijawe." Alijifunika kanga hadi puani, akatembea karibu na ukuta.

Alirudi wizarani kuomba walifute jina lake. Wakamwongezea nishani ya pili.

*

Ikafika siku ya kufungua daraja jipya. Lilikuwa daraja zuri sana. Mto wake ulikuwa bado kwenye mipango. Havijawa aliketishwa jukwaani na nishani zake, na Mize akaletwa juu ya gari la wazi, kwenye kiti chake, ili wananchi waone pande zote mbili za maisha. Havijawa alimtazama mara moja tu, akainamisha macho.

Mtukufu Mtangulizi akasogea kwenye utepe. Akainua mkasi wa dhahabu juu, akauacha juu kidogo, kwa ajili ya wapiga picha. Kando yake alisimama Naibu Mtangulizi, aliyehitimu Mbinu ya Havijawa akiwa wa kwanza darasani. Yule bwana hakuwa na nia mbaya, alikuwa amefundishwa tu. Akatoa mkasi mdogo mfukoni, kche, akakata utepe.

Utepe ukaanguka. Mtukufu akabaki amesimama, mkasi juu.

Na Bwana Kitunga, ambaye filimbi ilikuwa mdomoni kwa mazoea, na ambaye tangu siku ile ya Kisutuni hakuwahi kumwona mtu aliyeinua kifaa asikishushe bila kuipuliza, akaipuliza.

Kila aliyekuwepo aliijua sheria: mwenye kuinua kifaa akakisahau juu ni Mvivu wa Mfano. Mawaziri walitazama viatu vyao. Bwana Kitunga aliitoa filimbi mdomoni, akaitazama kama amekuta jongoo kwenye wali.

Waziri wa Sheria ndiye aliyeokoa nchi. Alisogea kwenye kipaza sauti, akaeleza kwamba sheria ya mashindano haikuwahi kuwepo. Yalikuwa mashindano ya kuona nani atagundua kwamba haipo, na Mtukufu amegundua, amekuwa wa kwanza. Watu wakapiga makofi. Naibu aliteuliwa siku hiyo hiyo kuwa balozi katika nchi ambayo ingetafutwa. Bwana Kitunga alipewa likizo, na kila akiuliza inaisha lini anaambiwa anaifanya vizuri.

Mize akaambiwa ateremke garini, aende zake. Hakuna aliyemwomba radhi, maana hakuna kilichotokea.

*

Havijawa alimtangulia nyumbani, akabandika maji ya moto, akatandika mkeka. Jina ukutani lilikuwa limeshapakwa chokaa. Mize alifika akitembea kwa kukokota miguu, akajikanda kwa maji, akala, akasifu mchicha. Mrisho alipotoka kwenda dukani, Havijawa akapiga magoti mbele ya mkeka.

"Wifi, zamu yako niliipiga makusudi."

"Najua," alisema Mize. "Si nilikuwepo."

"Basi nitukane."

"Sina nguvu za kutukana. Nimekaa mno."

"Hata kidogo."

"Inuka, wifi, utaharibu kanga." Akamsogezea mto akae. "Harusi ya nani inakuja?"

Ilikuwa harusi ya binti wa muuza mkaa. Asubuhi wakatoa kinu uani, wakamimina mpunga, wakasimama uso kwa uso kama zamani. Havijawa akashuka, akainua. Mize hakushuka. Aliuweka mchi wake juu, akatazama mchi wa wifi yake mpaka ukatulia hewani, ndipo akashuka. Mara nyingine hivyo hivyo. Zamani majirani walisikia sauti moja mfululizo, mtu asingejua michi ni miwili. Sasa ilikuwa pigo, kimya kidogo, pigo, kimya kidogo. Kimya chenyewe kilikuwa kifupi tu, pengine wengine hawakukisikia kabisa. Havijawa alikisikia.

Jua lilipanda na hakulitaja. Angesubiri mpaka Magharibi kama ingebidi. Mchele ulitoka mweupe, mzima, na siku ya harusi wakwe walikosa neno la kusema. Wakatwanga wa harusi nyingine, na nyingine. Mize alisimulia visa vyake, akacheka, akamtania kama kawaida, na kila zamu yake ikifika mchi ulibaki juu kidogo.

Siku moja Havijawa hakuweza kuvumilia.

"Shuka tu, wifi," alisema. "Mimi nimeshatoka."

"Nimekuona," Mize akajibu kwa upole. Akachungulia kinuni kwanza, kisha akashuka.